Kibuyu Hakidaki Mpira

Mikumi, Alhamisi

Yeremia mdogo wangu,

Hivi wewe, mtu mzima mwenye mvi hadi masikioni, aibu huioni? Unamnyima mtoto wa ukoo wako maji ya baraka kwa sababu ya mpira! Tangu lini maji ya mama yetu yakawa kiingilio cha uwanjani? Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio kama nilivyokuvuta siku ile ulipopindua chungu cha togwa cha kipaimara chako. Shukuru kuna pori la tembo kati yangu na wewe.

Haya. Mama alisema ugomvi usitangulie salamu, nami nimeshautanguliza, basi nirudi nyuma. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu yule magoti yamemwachia? Nasikia mto Mkondoa umepanda tena ukabeba bustani za watu kando ya reli, na wewe hukuniambia. Unaniambia habari za jezi. Mahindi ya bondeni yamepona au yamekwenda na maji? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Sisi huku wazima. Mwanangu Rahel mkono uliounguzwa na mafuta umepona, kabaki na doa tu. Tunapika, madereva wanakula, malori yanaondoka, mengine yanakuja. Nyani wamezidi ujeuri. Juzi mmoja kaingia jikoni mchana kweupe, kachukua chapati mbili, kakaa juu ya lori la vitunguu anatutazama akitafuna, kama mkaguzi wa afya. Joto ni lile lile. Nyumbani napakumbuka, milima hasa. Huku jua likizama linazama tu, halina mlima wa kujificha.

Ningekupigia simu, lakini wewe ukisikia neno lisilokupendeza unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki. Nimeandika kwa mkono wangu, darasa la nne langu linanitosha, ukikuta herufi zimepinda zinyooshe mwenyewe. Anakuletea Hosea mwanao. Nimeibandika kwa uji wa mhogo ili asiisome njiani, maana namjua.

Sasa nikueleze yaliyotokea, ili usije ukasema hukuambiwa.

Hosea alifika Jumapili tumetoka kanisani. Kashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, mkononi kashika viatu vya njumu vipya, vimefungwa kamba vinaning'inia kama kuku wa sadaka. Akasema, “Shikamoo shangazi.” Nikamwambia marahaba, kaa ule. Akasema hana muda wa kula. Yeremia, mtoto wako hana muda wa kula! Hapo nikajua kuna jambo baya.

“Mzee kanituma,” akasema. “Damari arudi nyumbani leo hii. Timu ya wasichana haina kipa. Mechi na Kidodi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee kasema hiyo michezo ya kutupatupa mpira aiache, na kama hakuja kusimama golini, maji ya kumtoa kwenda Morogoro hayapo.”

Rahel alikuwa anasukuma chapati. Akasimama na mti wa kusukumia mkononi. Unamjua alivyo, wewe ni mjomba wake, ukikohoa yeye anatetemeka. Damari alikuwa anaosha sahani. Aliziosha zile sahani mara ya pili, nikamwona.

Kwanza nikuulize. Hosea ni mtoto wako, nampenda, lakini ni wa ukoo gani? Ni wa ukoo wa mama yake. Kwetu sisi ukoo unapita tumboni mwa mwanamke, haupiti kwenye suruali yako. Damari ni mtoto wa Rahel, Rahel ni mtoto wangu, mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Ndiyo maana wewe ndiye mwenye neno juu yake, wala baba yake hana. Sasa neno lenyewe unampa mtoto wa ukoo mwingine alibebe kwenye pikipiki pamoja na viatu? Ungekuja mwenyewe! Au mwenyekiti wa timu hapandi basi?

Nilimwambia Hosea hivyo hivyo. Akacheka, maana yeye na Rahel ni watani, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, hawakosi neno. Akamgeukia Rahel, “Mwanao mrefu hivi unamlisha nini, nguzo za umeme?” Rahel naye hofu ikamtoka kidogo, akamjibu, “Wewe mfupi hivyo ulilishwa nini, mabaki?” Tukacheka. Hata Damari alicheka. Basi Hosea akakaa, akala. Alikula wali sahani mbili, huyo asiye na muda.

Sasa sikiliza habari ya huo mchezo unaouita wa kutupatupa, maana unausema hujauona. Wewe unadhani ni mpira wa pete waliocheza dada zetu shuleni na sketi za marinda. Siyo. Ule ukishika mpira unasimama kama umekanyaga mwiba. Huu wa kikapu unakimbia nao, lakini lazima uudundishe chini unapokwenda. Ukiukumbatia ukatembea nao, filimbi inalia. Juu ya mlingoti kuna ringi ya chuma. Hapa kwetu kiwanja kipo nyuma ya maegesho ya malori, sakafu ya saruji ya ghala lililobomolewa. Ringi kaipinda fundi wa kuchomelea kwa nondo. Ubao wa nyuma ni wa ubavu wa lori, bado una maneno nusu, “Mungu ni”, halafu umekatwa. Wavu nimeushona mimi kwa magunia ya vitunguu. Yale ya nyavu nyekundu, madereva wa Iringa hunipa bure. Nyani wakiutoboa naushona tena.

Mimi nilipouona mara ya kwanza nilisema ni wazimu wa vijana. Nikasema mpira ni wa miguu, Mungu aliweka mikono ishike jembe. Lakini nikawa nakaa pale jioni namenya viazi, huku natazama. Yeremia, ule mchezo hauna pa kujificha! Kwenye mpira wenu mtu anaweza kusimama pembeni nusu saa anakuna goti, mpira haujamfikia, na jioni anasema “tumeshinda.” Huku wako watano tu. Mmoja akilegea, wote wanaona. Halafu hakuna mambo ya kwenda na kurudi bila kwa bila. Unakumbuka mechi ya Sabasaba? Nilipika tangu alfajiri, sufuria mbili za maharage, tukaziweka vichwani hadi uwanjani, jua linatuchoma, mkacheza hadi magharibi, mkarudi na sifuri kwa sifuri. Nikakuuliza nani kashinda, ukasema, “Dada, ilikuwa mechi nzuri.” Nzuri ya nini? Mtu akitoka shambani jioni na kikapu kitupu, tunasema kalima vizuri?

Nisikuonee. Mpira wa miguu una heri yake. Hauchagui. Matambara na kamba, mpira umepatikana. Mawe mawili, goli limepatikana. Mtoto wa fukara na mtoto wa diwani vumbi lao moja. Wa kikapu unataka saruji, unataka chuma, unataka mpira wenye upepo wa kutosha. Pale kwenu Munisagara ukiudundisha kwenye matope ya masika utauchimbua kama kiazi. Hilo nakupa. Tena nikisikia redioni timu yangu inacheza, nawe unaijua ni ipi, sufuria inaungua na siondoki. Mpira wa miguu siukatai. Ninachokataa ni wewe kumfanya mtoto kitasa cha mlango wako.

Basi Hosea alipomaliza kula akaenda kutazama kiwanja. Akaanza kejeli. “Huu mchezo gani, shangazi? Goli halina kipa, liko juu kama mzinga wa nyuki!” Madereva waliokuwa wanapumzika chini ya malori yao wakamsikia. Mmoja wa Songea akamwambia, “Kocha, ingia basi uvune asali.”

Akaingia na viatu vyake vya mjini. Damari akafuta mikono kwenye kanga, akaingia pekupeku.

Nakwambia, mwanao alipigwa. Kila akidundisha, Damari yuko mbele yake, mpira umekwenda. Mara aushike akimbie nao kifuani, madereva wanapiga kelele, “Unatembea, kocha! Unatembea!” Mara asahau mkono, aupige mpira kwa mguu, ukaenda hadi barabarani, basi la Mbeya likafunga breki. Na Damari anatupia tu. Anaruka, mkono unakunja kama shingo ya korongo, wavu wangu wa vitunguu unasema shwaa. Hosea akakaa chini kwenye saruji anahema kama mbuzi wa mnada. Dereva wa Songea akamletea maji, akasema, “Asali imekung'ata?”

Kijana kaaibika, akasema, “Sawa, huu ni mchezo wake. Aje kwenye wangu.” Akaweka matairi mawili mabovu, hilo goli, akavaa vile viatu vya njumu vilivyokuwa zawadi ya Damari, vikambana, akapiga penalti. Damari akadaka. Akapiga nyingine, akadaka. Moja akaidaka kwa mkono mmoja, mwingine kaweka kiunoni. Sikumfundisha ujeuri ule, lakini sikuukataza.

Unafikiri Hosea alikasirika? Alifurahi! Akatupa mikono juu, “Kipa huyo! Kipa huyo! Shangazi, Kidodi wamekwisha!” Nikaona mtego. Mtoto anashinda kila kitu halafu ushindi wake ndio kamba ya kumfungia.

Ndipo nikamwita Damari nikamuuliza mbele yao wote, maana hakuna aliyemuuliza, si wewe, si Hosea, wala mama yake. Nikasema, “Wewe mjukuu, mdomo unao. Unataka nini?”

Akatazama chini. Akasema, “Bibi, golini nasubiri. Nasimama, wenzangu wanakwenda, mimi nasubiri nani aje kunitungua. Kwenye kikapu nalinda mlango, kisha mimi mwenyewe natoka nakwenda kubisha kwao.”

Yeremia, sikulala na neno hilo tu, nimeamka nalo. Mimi maisha yangu yote nimesimama golini. Njaa inakuja nadaka, msiba unakuja nadaka, watoto wako ulipougua kifua niliwadaka wote nikawalea. Hakuna aliyeniambia, dada, sasa toka, nenda kule upande wa pili nawe ukafunge. Mjukuu wangu atatoka.

Yule mwalimu wa kikapu wa Morogoro hakumpata Damari kwa barua wala kwa kujuana. Basi lake lilipata pancha hapa, akaja kula kwetu, akamwona mtoto kiwanjani, chakula kikapoa mbele yake. Akasema, “Mama, kidato cha tano huyu aje shuleni kwetu, nitamfundisha mimi.” Matokeo yalipotoka akapiga simu mwenyewe, nafasi ipo. Jumatatu anatakiwa afike. Sanduku limeshafungwa.

Lakini mtoto hataki kuondoka bila maji. Nimemwambia nenda, Mungu yupo. Akanijibu, “Bibi, mama alitoka kwa maji. Wewe ulikuja huku kwa maji. Mimi nitoke kavu, kama niliyefukuzwa?” Ni sisi tuliomfundisha hivyo. Kwetu mtoto wa ukoo hatoki kwenda kukaa ugenini hadi mwanamke achote maji, ayatie kibuyuni, mjomba aseme maneno na kumnyunyizia. Hilo padri anajua, na hajawahi kutukemea. Na wewe unajua mtoto anavyoliheshimu. Ndiyo maana umelishika hapo hapo, kama mtu anayemshika mbuzi kwenye pembe.

Nikamwambia Hosea, “Basi mwambie baba yako alete kibuyu, maji nitachota mimi.”

Akaanza kuchezea kamba za viatu.

“Kibuyu kiko wapi, Hosea?”

“Shangazi, kibuyu kipo salama.”

“Sikukuuliza afya yake. Nimekuuliza kiko wapi.”

Akatazama malori, akamtazama Rahel, akasema polepole, “Goli letu mwaka huu limezibwa, shangazi. Kamati ya ufundi walitaka kitu cha zamani, kitu chenye nguvu ya wazee. Mzee akatoa.”

Sikuelewa upesi. Rahel ndiye aliyeelewa, akaweka mkono mdomoni. Kibuyu cha mama! Kibuyu kilichomtoa mama kutoka mlimani kuja bondeni, kilichonitoa mimi, kilichokunyunyizia wewe ulipokwenda jeshini ukarudi mzima! Umekifukia chini ya goli! Watu wazima mmekaa usiku mnanong'ona, mnachimba, mnafukia baraka ya watoto ardhini ili mpira usipite!

Nikamuuliza Hosea, “Na mpira ulipita, haukupita?”

Akasema, “Ulipita, shangazi. Mechi iliyofuata walitufunga mara nne.”

Dereva wa Songea alicheka hadi akashika tairi. Mimi sikucheka. Kibuyu hakidaki mpira, Yeremia. Kibuyu kinabeba maji. Kipa uliyekuwa naye alikimbia kwa sababu mlimwambia akae tu, goli limezibwa, kisha mlipofungwa mkamlaumu yeye. Hilo pia Hosea kalisema, nilipomtazama sana. Sasa unataka na mtoto wangu asimame juu ya kibuyu cha bibi yake mzaa bibi, akikanyage kwa njumu, halafu akifungwa mseme ana mkosi!

Ona faida nyingine ya mchezo wa kikapu. Goli liko juu hewani. Kamati ya ufundi watafukia wapi? Mwenye dawa yake apande ngazi mchana, watu wote wamwone, na nyani watamteremsha.

Nami sikuachi mikono mitupu, usije ukasema dada yako ni wa kubomoa tu. Damari mwenyewe kasema, mimi sikumshurutisha: Hosea abaki siku tatu, yeye Damari amfundishe kudaka kwa mikono miwili na kuanguka vizuri, kisha Hosea akamfundishe yule kipa wenu aliyekimbia, mkimwomba radhi. Ameshafundishwa. Magoti ya Hosea yamechubuka, usishangae. Kasema mtoto anafundisha kama askari. Viatu vya njumu narudisha, apewe kipa wenu, vitamtosha, mguu wa Damari haukuingia.

Baraka haiuzwi kwa goli. Wewe ndiye mwenye neno, silikatai, lakini maji ni yangu. Bila maji maneno yako ni makavu, na bila maneno yako maji yangu ni ya kuoshea vyombo. Mama alitufunga hivyo kwa makusudi, alijua tutagombana.

Nisalimie wifi yangu mama Hosea, mwambie dawa ya magoti nimempatia kwa dereva wa Makambako, ataipata kwa Hosea. Msalimie mama mkubwa yule kipofu, mwambie bado naimba wimbo wake nikikoroga ugali. Msalimie mwalimu mstaafu jirani yetu, mwambie nimeandika barua nzima bila kuomba msaada. Na msalimie yule msichana, kipa wenu, jina lake sijui. Mwambie bibi mmoja wa Mikumi kasema kufungwa si dhambi.

Sasa sikia. Ukimaliza kusoma, usikunje barua ukaiweka juu ya kabati. Jembe langu la zamani liko nyuma ya jiko. Nenda uwanjani mchana, watu wakuone, chimba golini, mkono wako mwenyewe, si wa Hosea. Kitoe kibuyu, kikague kama kina ufa. Kama kina ufa, kizibe kwa nta ya nyuki kama mama alivyofanya. Kipeleke Mkondoa ukakioshe, na mikono yako uioshe hapo hapo, ulichofukia kikutoke. Jumamosi panda basi la asubuhi uje nacho. Filimbi iache nyumbani.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,

Perusi

Mtoto yuko mlangoni na sanduku. Chimba leo.